Dawa ya Kwanza

4 Juni

Mjomba,

Shikamoo, tena shikamoo kubwa, maana na maandishi yenyewe ni makubwa. Ulisema niandike kwa kalamu nene ili macho yako yasihangaike, basi nimenunua ile wanayoandikia ukutani "Ni Marufuku Kukojoa Hapa". Ukishindwa kusoma na hii, shida si macho, ni elimu.

Kifurushi kimefika. Kamera ipo, mkanda wa filamu upo, na kile kikaratasi chako cha "usiiguse kwa mikono yenye grisi" nimekisoma nikiwa nimeshaigusa. Usijali, nimeipangusa. Hapa kazini kwa fundi baiskeli wameizunguka kama mtoto mchanga. Jamaa mmoja kaigeuza huku na huku, kauliza picha inaonekana wapi. Nikamwambia, kaka, hii haionyeshi kitu mpaka filamu ioshwe, hii ni kamera ya watu wanaojua wanachofanya. Akaigeuza tena. Kisha akauliza, "Sasa wewe umepewa ya nini?" Watu wana wivu, Mjomba, hujui tu.

Kazi nimeielewa. Picha thelathini na sita za Bibi, za slaidi, ili uzimulike ukutani huko kwako, Bibi ajae kutoka sakafuni mpaka darini. Zile nilizokupigia kwa simu ulisema anaonekana kama punje ya mtama. Hapa umepata bingwa. Ile miaka miwili niliyokaa kwako nikinusa dawa kwenye chumba chako cha giza cha kuoshea picha badala ya kwenda shule haikwenda bure. Filamu naipakia nimefumba macho, mkono mmoja, huku nakula.

Kama una maagizo ya ziada niandikie, ingawa sidhani kama nayahitaji.

Wako,
Chiriku


9 Juni

Chiriku,

Marahaba. Barua yako imesomwa hata na jirani, naye alikuwa ng'ambo ya barabara.

Sasa punguza domo unisikilize. Mkanda huo ni wa mwisho. Sisemi wa mwisho dukani. Kiwanda chenyewe kimeacha kuutengeneza. Ulikuwa kwenye friji yangu nyuma ya maziwa, binti yangu akinigombeza kila siku. Dawa za kuoshea filamu ya rangi kama hiyo nazo ni za mwisho, nimebaki na pakiti moja. Nikishazichanganya na maji zina wiki chache za kuishi, kisha basi. Kwa hiyo sitazichanganya mpaka mkanda wako unifikie.

Nina mikanda miwili ya kuosha. Kwanza huo wako. Kisha mmoja wangu, uliokaa kwenye friji hiyohiyo tangu siku nilipoondoka nyumbani, wewe ukiwa bado unatambaa. Siku ile mama, Bibi yako, alisimama mlangoni akaniuliza, "Utarudi lini?" Nikainua kamera, nikampiga picha. Nilijificha nyuma ya kamera, Chiriku, ndiyo sababu sijawahi kuuosha. Sasa macho yanakwenda, daktari hasemi kama yatarudi, na safari peke yangu siwezi tena. Nataka nimwone mama alivyo leo, mkubwa ukutani. Nikishamwona wa leo nitapata nguvu ya kumtazama wa siku ile. Nikianza na wa siku ile, najijua, nitazima taa.

Maagizo ya ziada ninayo, tena moja tu. Ulimi wa filamu, ile ncha inayochungulia nje, uuingize vizuri kwenye kigurudumu cha kulia. Halafu kila unapovuta, tazama kipini cha kushoto. Kikizunguka, filamu inakwenda. Kisipozunguka, unapiga hewa.

Na simu usinipigie. Kwenye simu unadanganya haraka mno. Barua angalau inakuchelewesha.

Mjomba wako


20 Juni

Mjomba, shikamoo.

Kazi imekwisha! Simama upige makofi, kisha ukae uendelee kusoma.

Bibi alianza kwa kukataa. "Mimi sipigwi picha na mtu aliyefeli." Nikamwambia sikufeli, niliacha. "Ndiyo, uliacha kabla hujafeli. Hiyo nayo ni akili." Nikamwambia basi, picha ni za Mjomba. Aliingia ndani akakaa huko mpaka nikadhani amelala. Kutoka, lo, amevaa lile gauni la kijani analosema atazikwa nalo, na hereni zote mbili. Akaniambia, "Haya, mume wangu, niweke mahali mwanangu atakaponiona."

Nikampiga akiwa amekaa uani. Nikampiga dirishani, na kwenye ndoo akinawa, na akifunga kilemba upya. Nikampiga mlangoni, na hapo mlangoni alisimama mwenyewe, sikumwambia. Watoto wa jirani walijaa juu ya ukuta, nikawa nawaeleza mambo ya mwanga na kivuli, mpaka mmoja akasema, "Mbona unaongea kuliko unavyopiga?" Jua lilikuwa kali. Bibi alikaa tu. Miguu ilimvimba na hakulalamika, na wewe unamjua Bibi, chai ikiwa ya moto analalamika, ikipoa analalamika.

Basi mkanda huu hapa. Sina la kuongeza.

Ila niongeze. Hizo dawa zako, Mjomba, ni za siku nyingi. Nasema tu. Na macho yako, na vile vipimo, na joto la maji, mambo ni mengi. Filamu yenyewe imelala na maziwa miaka yote hiyo. Kwa hiyo likitokea lolote, isije ikasemwa ni huku. Huku kila kitu kilikwenda sawa. Kipini kilizunguka.

Usiharakishe kuosha. Au harakisha, sijui. Fanya unavyoona.

Chiriku


2 Julai

Mpwa wangu,

Zimetoka. Zimetoka vizuri sana, zote. Mama amependeza. Ile aliyocheka nimeipenda kuliko zote. Umefanya kazi ya mtu mzima, na safari hii ukijisifu una haki yako, jisifu mpaka uchoke.

Ule mkanda wangu nimeamua kuuacha. Nimechoka kidogo, si jambo la kukutia wasiwasi. Kamera baki nayo, usinirudishie. Itakufaa.

Mwambie mama nimemwona.

Mjomba wako


6 Julai

Dada yangu binamu, hujambo?

Najua nitasemwa kwamba sikuandikii mpaka niwe na shida. Leo ninayo, kwa hiyo sijavunja desturi.

Baba yako ameniandikia kwamba picha za Bibi zimetoka vizuri. Wewe uliziona? Alizimulika ukutani? Usiniulize kwa nini nauliza, nijibu tu.

Maana barua ile nilimsomea Bibi, sikuwa na njia. Tangu siku hiyo ni sikukuu. Amewaambia majirani wote, "Mwanangu ameniona." Kila akiamka ananiuliza tena ni ipi aliyoipenda. Namwambia, ile uliyocheka. Jana akanikazia macho. "Nilicheka saa ngapi? Siku nzima nilibana mdomo kwa ajili ya hili pengo." Nikamwambia labda ulicheka kidogo bila kujijua. Akaendelea kunitazama, Dada. Unajua anavyotazama.

Sipati usingizi, na mimi ni mtu ninayelala hata kwenye kiti cha kinyozi. Kuna nini huko?

Chiriku


10 Julai

Chiriku,

Baba ameniapisha nisiseme, kwa hiyo ukisoma hii, ichane.

Filamu ilitoka nyeusi. Nyeusi tii, mwanzo mpaka mwisho, kama kipande cha lami. Nilimpelekea chai nikamkuta ameinyanyua dirishani inaning'inia, hatikisiki. Nikauliza, "Baba, ndivyo inavyokuwa?" Akasema, "Inakuwa hivi dawa ya kwanza, ile inayoamsha picha, ikifa. Au fundi akichanganya chupa." Kisha akaweka mikono yake juu ya meza, akaitazama kama ya mtu mwingine. "Mikono hii imeua picha za mama yangu."

Barua yako ya tarehe ishirini, ile uliyosema dawa ni za siku nyingi, anaisoma kila siku kwa kile kioo chake cha kukuzia. Anasema, "Hata mtoto aliliona, mimi sikuliona." Jioni ileile aliimwaga dawa ya kwanza yote, nilisikia bomba likiinywa. Amebandua mbao za dirisha la chumba cha giza, mwanga unaingia, ameniambia nianike nguo humo. Wateja wawili wamekuja na filamu zao. Anasimama mbele yao, kwa miguu yake mwenyewe, anawaambia, "Fundi hayupo."

Wewe alikudanganya kwa sababu hakutaka ujue kazi yako imepotea mikononi mwake. Alisema, "Kijana amejitahidi."

Usimwambie nimekuandikia. Na usije na utani wako.

Dada yako


14 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Dada ameniambia. Mgombeze baadaye, anza na mimi.

Wewe hukuua kitu. Hukuchanganya chupa. Filamu ya slaidi isiyopigwa hutoka nyeusi, na hii ilitoka nyeusi kwa sababu hakukuwa na kitu ndani yake cha kutoka.

Nitasema ilivyokuwa. Nilipakia filamu mbele ya wale watoto, nikiwaonyesha jinsi bingwa anavyopakia bila kutazama. Ulimi haukushika. Nikavuta na kupiga, kuvuta na kupiga, na kipini cha kushoto sikukiangalia hata mara moja, kwa sababu ulikuwa umenikumbusha, nami sipendi kukumbushwa. Nilipomaliza nikazungusha kurudisha filamu, mkono ukaenda mwepesi, kama unakoroga kikombe kitupu. Nikaingia chumbani, nikafungua kamera. Ulimi ulikuwa umelala palepale nilipoulaza asubuhi. Filamu nzima haijaguswa na mwanga.

Hapo ndipo penye ubaya, Mjomba, naomba usiruke hapa. Filamu ilikuwa nzima! Ningeweza kuipakia upya. Kilichotakiwa ni kutoka nje, nimwambie Bibi, "Nimekosea, naomba ukae tena kesho." Maneno hayo tu. Nilifika mpaka kwenye pazia. Alikuwa amekaa kitandani anavua hereni, miguu ameiweka kwenye beseni la maji, anaimba kwa pua. Nikarudi. Nikausukuma ule ulimi ndani kwa kidole, nikaufunga mkanda kwenye karatasi, nikakuandikia barua.

Na kwenye barua nikaandika yale ya dawa zako. Kupiga hewa ni ujinga, na ujinga sijawahi kupungukiwa. Lakini yale ya dawa, na macho yako, na vipimo, niliyaandika nikiwa na akili zangu zote. Nilitaka ukiiona nyeusi ufikirie huko kwako kwanza. Sikujua utafikiria huko tu.

Kisha ukaniandikia zimetoka vizuri. Nilidhani unanitega. Nikasubiri unikamate. Nilikuwa naogopa kukamatwa, Mjomba, wakati wewe ulikuwa unabandua dirisha.

Bibi bado anaamini umemwona.

Funga dirisha hilo. Nakuomba.

Chiriku


19 Julai

Mpwa wangu,

Nimesoma barua yako mara mbili. Ni nzuri. Ile ya beseni la maji ni nzuri sana.

Lakini mimi nimekulea miaka miwili. Uliangusha projekta yangu, ukaniapia kwamba ilijirusha. Ulikula sukari yote, ukasema ni unyevu. Hujawahi kukubali kosa tangu ujifunze kusema. Leo, siku nne tu baada ya binti yangu kufungua mdomo, unaamka na kosa zima lililokamilika, lina mwanzo, lina katikati, lina pazia.

Najua unachofanya. Unataka mzee apate usingizi. Nami nilikuandikia uongo wa namna hiyohiyo, nao haukumsaidia mtu, umewafanya mje kunihurumia kwa zamu. Tuache hapo. Mikono hii ni yangu, naijua. Siku hizi inatetemeka hata kwenye kikombe.

Mama nitamwandikia mimi mwenyewe. Sijui lini.

Mjomba wako


23 Julai

Mjomba,

Umekataa ukweli wa kwanza nilioutoa mimi mwenyewe bila kubanwa. Nadhani nimestahili.

Basi usiniamini mimi, iamini filamu. Itoe ulikoificha. Nenda nayo dirishani, si umelifungua? Chukua kioo cha kukuzia. Usitazame katikati, katikati ni nyeusi, hilo tumekubaliana. Tazama pembeni, karibu na matundu.

Kiwandani huwa wanaandika namba pembeni kwa mwanga, kabla filamu haijauzwa, moja mpaka thelathini na sita. Dawa ya kwanza ingekuwa imekufa, au chupa ungekuwa umezichanganya, hizo namba nazo zingemezwa na weusi pamoja na picha. Lakini zikiwa zinawaka, basi dawa ilikuwa hai na mikono yako ilifanya kazi yake, na weusi wa katikati ni kwa sababu hakuna mwanga ulioingia. Ni wewe uliyenieleza haya, siku moja nikiwa nasinzia juu ya ndoo. Nilikuwa nasinzia kweli, ila siyo masikio yote mawili.

Tazama tu. Sijawahi kuomba kitu hivi. Naomba ushahidi wa kunifunga upatikane.

Chiriku


29 Julai

Chiriku,

Zipo.

Zote, za njano, safi, zimejipanga kama taa za barabarani. Nilizisoma moja moja kwa sauti mpaka binti yangu akaja kuona naongea na nani.

Sikutazama pembeni. Kazi yangu yote nimewatazamia watu pembeni. Mtu analeta filamu nyeusi analia, namwambia subiri, tuone namba kwanza. Ilipotoka nyeusi mkononi mwangu sikuhitaji namba. Nilikuwa nimeshajihukumu tangu macho yalipoanza kuniacha, nilikuwa nasubiri kosa tu.

Nilicheka. Kisha nilikasirika mpaka binti akanipokonya kikombe. Bado nimekasirika, na nakuandikia hivyohivyo, usidhani hii ni barua ya msamaha. Kupakia vibaya nimewahi hata mimi, arusi nzima ya watu, bwana arusi akanifukuza na kijiko. Lakini kosa lako ulinikabidhi mimi nilibebe, ukijua macho yangu yalivyo. Nami nililibeba.

Na nataka ujue hesabu yake. Dawa ya kwanza ilikuwa hai siku nilipoimwaga. Ungeniambia tarehe ishirini ya Juni, ningekurudishia filamu, mama angekaa tena uani, na dawa ileile ingeosha mikanda yote miwili. Sasa filamu imeoshwa, dawa iko kwenye mtaro, na nyingine haitengenezwi.

Mkanda wangu nitauosha hata hivyo. Dawa ya picha nyeusi na nyeupe bado inauzwa, nayo ina uwezo wa kumtoa mama kwenye filamu ile, ila bila rangi zake. Atatoka wa kijivu, mlango wa kijivu, asubuhi ya kijivu. Dirisha nimelipigilia mbao tena. Yule mteja wa pili alipita jana, nikamwambia fundi amerudi, ana hasira lakini amerudi.

Nina kazi kwako. Mwambie mama ukweli wote, wako na wangu. Kisha muulize siku ile niliyoondoka alivaa nini. Gauni rangi gani, kilemba rangi gani. Mimi sikumbuki. Nilikuwa natazama kwenye tundu la kamera nikipima mwanga, mwanaume mzima. Uniandikie, ili nikimmulika ukutani nijue kijivu kipi ni kipi.

Safari hii hakuna namba pembeni, Chiriku. Ukinitungia rangi, sitajua.

Mjomba wako


5 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Nimemwambia Bibi. Nilimngoja amalize chai, nikaona nikingoja zaidi atakunywa nyingine, nikasema.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akaanza.

"Kwa hiyo siku ile nilikaa juani bure?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na miguu ikavimba bure."

"Ndiyo, Bibi."

"Na huyo mwingine akasema nimependeza nikicheka."

"Ndiyo, Bibi."

"Waongo wawili, mmoja hana akili, mwingine hana macho, mmepatana." Akachukua kikombe chake akakiosha mwenyewe, hataki nikiguse. Amenipa talaka, Mjomba. Tangu juzi mimi si mume wake tena, ananiita "wewe kijana". Chakula ananipa, ila anakiweka mezani bila kusema karibu. Gauni la kijani amelirudisha kwenye sanduku. Nilipoona analikunja nilitoka nje nikajifanya natengeneza baiskeli ambayo si mbovu. Sitakuficha, nilikaa huko muda mrefu.

Jana nikamuuliza la rangi. Nilikuwa na kalamu na karatasi tayari. Alifikiri. Akasema hakumbuki. Nikamwambia jaribu, Bibi, anahitaji. Akafumba macho kabisa, akajaribu. Hakumbuki.

Nikwambie kitu. Mimi gauni nilikuwa nalo. Lilikuja lenyewe kichwani wakati amefumba macho: la bluu, lina maua madogo meupe, na kilemba cha njano. Lilikuwa zuri, na lingekaa vizuri kwenye mlango ule. Nilikuwa nimeshaandika "bluu". Ukitazama juu ya ukurasa huu utaona mahali nilipokata. Ningeweza kuchukua karatasi safi, lakini nimeiacha hii uione.

Nikamuuliza mara ya tatu, hapo akanikasirikia. "Nguo yangu ningeiona saa ngapi, wewe kijana? Nilikuwa namtazama yeye!"

Basi nguo yako wewe anaikumbuka. Nimeandika anavyosema, sijaongeza neno, na aliponyamaza na mimi nimenyamaza.

Shati jeupe, lakini si jeupe tena, limefuliwa mpaka linaelekea kwenye rangi ya maziwa. Kifungo cha pili kutoka juu ni cheusi, vingine vyeupe. Alikishona yeye asubuhi ile, hakupata kinachofanana, na hukusema asante, ulisema unachelewa. Suruali ya kahawia, mpya. Mkanda wa kiunoni mweusi wa babu, umetobolewa tundu la ziada kwa msumari. Viatu vyeusi, cha kushoto kina vumbi jekundu. Begi la kijani limewekwa chini. Kamba ya kamera ni nyekundu. Jicho moja umelifumba, na la pili liko nyuma ya kamera, kwa hiyo hilo hakuliona. Chini ya kamera midomo imekauka, ina mstari mweupe, kama ya mtu aliyetoka homa. Alitaka kukuletea maji.

Nikamuuliza kama kuna zaidi. Akasema hapana, hapo uligeuka.

Chiriku